Vitufe vya Pedi na Kazi Zake

Pedi ya PlayStation ina vitufe vinne upande wa kulia: pembetatu, duara, eksi na mraba. Alama hizo zilibuniwa na Teiyu Goto wa kampuni ya Sony, kwa ajili ya mashine ya kwanza iliyoanza kuuzwa Japani mwezi Desemba 1994. Kila moja ilipewa maana: pembetatu ni upande wa kutazama, mraba ni karatasi, duara ni ndiyo na eksi ni hapana. Ni elimu nzuri, ila haijawahi kumsaidia mtu kufunga goli.

Hata ndiyo na hapana hazikutulia. Wajapani walikubali kwa duara na kukataa kwa eksi. Katika gemu nyingi zilizouzwa Ulaya na Marekani, eksi ndiyo iliyokubali. Mwaka 2020 ilipotoka PlayStation 5, Wajapani nao wakahamishiwa kwenye eksi, na vidole vilivyozoea duara kwa miaka ishirini na kitu vikaanza upya darasa la kwanza.

Mabegani mwa pedi kuna L1 na L2 kushoto, R1 na R2 kulia. L3 na R3 hazionekani popote. Mgeni huigeuza pedi chini juu akizitafuta, kumbe ni vile vijiti viwili vya kuongozea, ambavyo pia hubonyezwa kuelekea chini. Pedi ya DualShock ya mwaka 1997 ilikuja na vijiti hivyo pamoja na mtetemo, na mtetemo huo ndio humfanya mgeni aitupe pedi sakafuni akidhani amepigwa shoti.

Balaa lenyewe liko kwenye gemu za mpira, PES na FIFA. Katika mpangilio wa kawaida wa PES, shuti ni mraba na krosi ni duara. Katika FIFA, shuti ni duara na krosi ni mraba. Aliyekulia kwenye PES akihamia FIFA hubaki na kipa peke yake, akabonyeza mraba, na mpira ukaelea kwenda kwa mtu asiyekuwepo. Kwenye ulinzi ni msiba zaidi. Mraba ule ule, ambao PES huutumia kumwita mchezaji wa pili akabe, kwenye FIFA humlaza beki chini akateleza na miguu ya mpinzani. Matokeo ni penalti, kadi, na kelele za banda zima la gemu.

Hapo ndipo pedi inapoanza kulaumiwa. Mchezaji huibonyeza kwa hasira, huinuka kwenye benchi na kukunja uso, ilhali nguvu ya shuti hutokana na muda ambao kitufe kimeshikiliwa, wala si ukali wa dole gumba. Kukishikilia kwa hasira kunaupaisha tu mpira juu ya mwamba.

Dawa ni rahisi. Kabla ya mechi kuanza, fungua mipangilio, tazama kila kitufe kinafanya nini, na ukitaka badilisha ufuate ulivyozoea. Gemu zote mbili zinaruhusu. Ukishafanya hivyo ukafungwa tano bila, mrudishie mwenzako pedi kwa adabu. Haina kosa.