Namna ya Kufundisha Jiografia ya Mwambao Ukiwa Hujui Kitu

Umesikia kwamba huko California watoto wenye usonji hupandishwa kwenye ubao na kutelezeshwa juu ya mawimbi. Ni kweli. Israel Paskowitz, bingwa wa mchezo huo, alianza na mwanawe, halafu yeye na mkewe wakawafungulia watoto wa wengine katika miaka ya 1990. Wewe nawe una mpwa wa miaka 14 mwenye usonji, una likizo Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, na simu yako inapiga picha safi. Yatosha kuwa mwalimu wa jiografia ya mwambao. Sogea karibu.

Kwanza, ubao. Rumonge hauuzwi. Mwendee fundi wa mitumbwi, mpe ya chai, akupe ubao wa boti iliyochakaa, kisha ufunge chini yake madumu mawili matupu ya mawese. Hautateleza, utaelea tu. Kwenye picha nani atajua? Ila ondoa misumari: kijana ataupapasa wote, taratibu, kabla hajakubali kuukalia.

Pili, msimu. Njoo kiangazi, kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusi ukivuma. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na upepo huo huyasukuma maji kutoka upande wa Zambia kuja kwetu. Wimbi likifika Rumonge limeshapata nafasi ya kukua. Usijitie mtu wa pwani ukasema, "Tusubiri maji yajae." Hapa si Mombasa. Kijana atakuuliza, bila kukutazama, yajae kutoka wapi. Jibu: "Swali zuri sana!" Maneno hayo matatu yamewastaafisha walimu wengi kwa heshima.

Tatu, kaa mbali na mwalo. Alfajiri boti za ndagala zinarudi, injini zinanguruma, akina mama wanagombania bei, na yeye ataziba masikio. Nenda pembeni penye utulivu. Usimshike bega kwa nyuma, usimharakishe. Atapanga mawe mstari mmoja pale wimbi linapoishia. Mwache. Atatupa kandambili majini (yako, bila shaka) na kuifuata kwa miguu. Itaelekea kaskazini ikiambaa na ufuo, njia ileile unayopita mchanga. Hongera: umeshafundisha jinsi mawimbi yanavyohamisha ufuo, na hujafungua mdomo.

Nne, daftari. Mtaalamu lazima aonekane anaandika. Kijana akisimama na kusema "kiboko, kiboko, kiboko" kwa sauti ileile, andika: *anarudiarudia maneno*. Halafu inua macho. Ukiona masikio mawili madogo juu ya maji, hatua chache kutoka kwenye ubao wako, futa ulichoandika, andika: *uchunguzi wa mazingira, vizuri sana*, na urudi nchi kavu kwa mwendo wa mtu asiyekimbia. Huu ndio mwambao uliompa sifa Gustave, yule mamba anayesemekana kula watu. Anayetaja anachokiona si wa kupuuzwa.

Tano, jifunze kuiba maarifa kwa staha. Wakubwa wameshakutangulia. Mwaka 1858 wenyeji wa kaskazini ya ziwa walimwambia msafiri Mwingereza Burton kwamba mto Ruzizi huingia ziwani, hautoki. Wasomi wa London wakaendelea kubishana hadi Livingstone na Stanley walipokwenda kuutazama wenyewe, Novemba 1871. Habari ileile, wenyeji hawakutajwa kwenye sherehe. Basi nawe muulize kijana mambo machache, polepole, moja moja, kisha nyamaza. Atakuonyesha Rasi ya Ubwari ng'ambo ya Kongo, na kukwambia nyuma yake kuna ghuba. Atakwambia kina ni mita 1,470, kwamba Baikal pekee ndilo linalolizidi, na kwamba maji mengi ya ziwa huondoka kwa mvuke, yanayobaki yakipitia mto Lukuga. Tikisa kichwa kama unayemsahihishia mtihani. Ukipata nafasi, nakili.

Sita, picha. Mwombe akae juu ya ubao. Akikataa, kaa wewe. Utaanguka. Anguka ukitabasamu, maana atakuwa ameshika simu, na yeye hapigi picha moja. Atapiga themanini, zote zimepangwa sawasawa, ukizama hatua kwa hatua.

Mwisho, chakula cha mchana kwa dada yako. Samaki wa mukeke amechomwa, majirani wapo, unaulizwa mmefundishana nini. Usiogope, zimwage habari zote: rasi, ghuba, mvuke. Utajikwaa mahali fulani, pengine utasema Lukuga unaingiza maji. Kijana, macho kwenye sahani, atasema, "Mjomba, unatoa."

Sema hivi: "Nilikuwa nampima." Kisha omba pilipili.