Tairi Mpya za Mwaka 2011

Huku kwetu, kuanzia Shinyanga hadi Geita, fedha za dhahabu haziaminiki mpaka zimegeuka kitu. Duara, yaani shimo la mchimbaji, likitema dhahabu, mwenye duara anakimbilia bati, ng'ombe, saruji, wakati mwingine mke wa pili. Mjomba wangu, duara lake lilipotema mwaka 2012, alinunua tairi nne za gari. Gari hakuwa nalo. Alisema gari litakuja, na siku litakapokuja bei ya tairi itakuwa imeshapanda, naye atakuwa amekaa kibarazani anawacheka wenzake.

Hiyo ilikuwa hesabu ya mchimbaji. Dhahabu ukiifukia leo, mjukuu wako ataifukua ikiwa ileile, haina kutu wala uzee. Mjomba akaona tairi nayo, maadamu haijagusa lami, itamsubiri. Lakini mpira una adui asiyehitaji barabara: hewa. Oksijeni huupenya na kuukausha polepole, ozoni huuchanachana kwa juu, jua huuchoma, na joto huvihimiza vyote hivyo vifanye kazi haraka. Wenye viwanda wanalijua hilo, ndiyo maana huchanganya ndani yake nta na dawa za kuukinga. Ila kinga hiyo hupanda juu vizuri pale tairi inapozunguka na kujikunja. Tairi iliyolala stoo haijikunji.

Na stoo ya mjomba, hata ungempangia adui yako usingeweza kuipanga vile. Paa la bati bila dari, kwa jua la Shinyanga. Nyuma ya ukuta, mashine ya kusaga. Mota yake ilikuwa inatoa cheche, na cheche za umeme huzaa ozoni. Mbele, kibaraza kimepangishwa kwa kijana anayechomelea mageti. Kuchomelea nako huzaa ozoni. Kwenye kona, madumu ya petroli ya pampu ya kunyonya maji duarani, na mvuke wa petroli si rafiki wa mpira.

Juu ya hayo kulikuwa na mapenzi. Kila Jumamosi tairi zilitolewa nje zipigwe jua kama magodoro, kisha mjomba akazipaka dizeli kwa kitambaa zing'ae. Kweli ziling'aa. Dizeli huvimbisha mpira na kuulegeza, lakini mgeni aliyepita getini hakuliona hilo, aliona weusi tu, akasema, "Mzee una mali." Mjomba alikuwa anaishi kwa sentensi hiyo.

Gari lilikuja mwaka 2023: Noah ya 1998 iliyokwishabadili mikono mpaka kadi imechakaa. Kwa bahati, nzuri au mbaya, saizi ya tairi ilikubali. Zile ilizokuja nazo, zilizotengenezwa 2020, mjomba aliziita "makweche" akamuuzia fundi pancha kwa bei ya soda. Zikafungwa mpya.

Safari ya kwanza ilikuwa ya heshima: kupeleka posa Geita, mjomba akiwa msemaji wa ukoo. Tulipofika Tinde tukasimama kujaza upepo. Kijana wa pancha akachuchumaa, akapitisha kidole ubavuni mwa tairi.

"Shikamoo mzee. Hizi tairi zina nyufa."

"Marahaba. Hizo ni mpya, kijana wangu. Hazijawahi kutembea."

"Ni kweli, mzee. Zimezeeka zimekaa."

Mjomba akatuambia kijana anatafuta biashara. Tukaendelea.

Tulipokwishaipita Kahama, tukiitafuta Kakola, tairi ya nyuma kushoto ikalia mlio ambao mbuzi wa kijiji kizima waliusikia. Halikuwa tundu la msumari. Ganda lote la juu lilibanduka, likapiga bodi, likabaki barabarani limejikunja. Tukashusha spea. Hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko dereva: namba za ubavuni zinazotaja ilitengenezwa lini zilikuwa tatu tu, 248. Kabla ya mwaka 2000 ndivyo walivyoandika, wiki ya 24 ya mwaka unaoishia na 8, uamue mwenyewe kama ni 1998 au 1988. Ilipokubali kushika upepo, iliushika mpaka nati ya mwisho ilipokazwa, ikauachia.

Tuliingia Geita juu ya Kanta ya pumba. Msemaji wa ukoo akashuka na suti nyeupe kuliko alivyoondoka nayo, na upande wa bibi harusi ukanong'ona kwamba hawa wameleta pumba kwanza, ng'ombe watafuata. Posa ilipokelewa, ila mahari yaliongezwa ng'ombe mmoja, na mjomba hakuwa katika hali ya kubishana.

Kinachochekesha ni kwamba Geita hiyohiyo, malori makubwa ya mgodini yanavaa tairi zinazompita mtu mrefu kwa kimo, na hazipati nafasi ya kuzeeka. Zinabeba mawe usiku na mchana mpaka zinakwisha. Katikati ya miaka ya 2000 tairi za aina hiyo ziliadimika dunia nzima, migodi ikawa inazibembeleza. Kule tairi inakufa kwa kazi; kwa mjomba zilikufa kwa kupumzika.

Ubavuni mwa zile nne kulikuwa kumeandikwa 2311: wiki ya 23, mwaka 2011. Mjomba alikuwa anadhani ni namba ya bahati. Michelin wanashauri tairi ikishatimiza miaka 5 ya matumizi ikaguliwe na fundi kila mwaka, na ikifika 10 tangu kutengenezwa itolewe, hata kama inaonekana nzima. Spea nayo imo.

Basi, msomaji, ukienda kununua tairi Kahama, Katoro au kokote, usiulize kama ni mpya. Tafuta herufi DOT, fuata mstari wake mpaka namba nne za mwisho. Zikikosekana, geuza ubavu wa pili, maana mara nyingi huandikwa upande mmoja tu. Na ukiwa huna gari, nunua ng'ombe.