Ripita ya Baba Watoto

Dhoruba ya baridi ya Februari 2021 ilikata umeme kwa wateja zaidi ya milioni 4 jimboni Texas, na ndiyo iliyoniingiza mimi katika masaibu ya antena. Hapa Houston tulilala na makoti. Mabomba yaliganda, mtandao wa simu ukawa unakuja na kupotea, na shemeji yangu anayeishi nje ya mji, upande wa Katy, hatukumpata kabisa mpaka barabara zilipopitika. Wenzetu baada ya pale walinunua jenereta. Baba Watoto alinunua simu za upepo.

Za kwanza zilikuja mbili katika pakiti moja, na pakiti imeandikwa maili 30 na ushee. Maili hizo, nilikuja kuelewa, ni za mtu aliye juu ya mlima akizungumza na mwenzake bondeni, na Houston haina hata kichuguu. Zetu zilinyamaza kabla kijana wetu hajafika kituo cha mafuta. Hapo ndipo ripita ilipoanza kutajwa nyumbani kwangu asubuhi na jioni.

Bi Mkubwa, mama mkwe wangu, alikuwa amekuja kutoka Tanga kututazama. Mwanawe akamweleza: ripita ni redio inayowekwa mahali pa juu, inapokea sauti kwenye masafa ya megahezi 467, na papo hapo inairusha upya kwa nguvu kwenye 462, ili walio mbali wasikilizane. Bi Mkubwa akamkata kauli. "Si yule anayepokea takbira nyuma ya imamu ili safu za mwisho zisikie? Maneno mengi ya nini!" Nimeolewa na fundi, lakini maelezo bora kuliko hayo sijayasikia.

Leseni haikutusumbua. Huduma yenyewe inaitwa GMRS, na Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, inatoza dola 35 kwa miaka 10. Kabla ya Aprili 2022 ilikuwa dola 70. Mtihani hakuna, na leseni ya mtu mmoja inatosha jamaa zake: mke, watoto, wajukuu, wazazi, kaka na dada, wajomba na mashangazi, hata wakwe. Watoto wa ami na wa mama wadogo hawamo. Bi Mkubwa aliposomewa orodha hiyo alivua miwani. "Wifi yumo, mtoto wa mdogo wangu hayumo? Sheria ameitunga nani, hana ukoo?"

Kisha mzigo ukafika, na meza yangu ya kulia ikawa karakana. Redio mbili, moja ya kusikia na moja ya kusema, feni, waya, na boksi la bati liitwalo dupleksa. Hilo bati ndilo lililotula ramadhani nzima. Kazi yake ni kuziwezesha redio mbili zitumie antena moja bila ya ile inayosema kuiziba masikio ile inayosikia, maana kati ya masafa yao pana megahezi 5 tu. Muuzaji alisema limeshapimwa. Limepimwa wapi, Mungu ndiye ajuaye. Ripita yetu ilisikia vizuri mno hadi ilipofungua mdomo. Ikishaanza kusema haimsikii tena mtu yeyote, na sauti ya kijana wetu nje ikakatika katikati ya neno. Mwenyewe nina jamaa wa aina hiyo, lakini hao hawakai juu ya meza.

Dawa ilikuwa kulipima upya. Baba Watoto akaazima kipimo kidogo chenye kioo, mimi nikashika tochi. Bati lina skrubu sita, tatu za upande wa kupokea na tatu za upande wa kutuma, kila moja na nati yake. Unalegeza nati, unazungusha skrubu kidogo mno, mstari kwenye kioo unazama pale unapotakiwa kuzama. Unakaza nati, na kule kukaza kwenyewe kunausogeza mstari. Unaanza tena. Futari ilipoa. Nilijifunza usiku ule kwamba mume wangu, asiyeweza kungoja chai ichemke, ana subira ya kungoja skrubu.

Antena ikapanda juu ya paa, nayo haikukaa. Ukinunua nyumba katika mitaa hii mipya unasaini kanuni za chama cha wenye nyumba, zinazopanga hadi rangi ya mlango. Barua ikaja: iondoeni. Sheria ya nchi inamlinda mwenye dishi la televisheni, sisi haikututaja. Tukaihamishia darini. Huko mbao za paa zimebandikwa karatasi ya alumini kuzuia joto la jua, jambo la kawaida kwa nyumba za Texas, na karatasi hiyo hairuhusu mawimbi yapite. Tukawa na kituo cha redio kinachosikika vizuri sana jikoni.

Mkombozi akawa shemeji. Kwake ni shamba, hakuna chama wala barua. Wakasimamisha mlingoti wa futi 40, wakaufunga kwa kamba za chuma, wakapiga fimbo ya shaba ardhini kwa ajili ya radi. Kebo nyembamba tuliyoanza nayo ilitupwa, kwani kwa masafa haya futi 50 zake zinameza zaidi ya nusu ya nguvu hata kabla haijafika kwenye antena. Ikawekwa nene. Betri na sola zikafuata, na bei yake nikaambiwa baadaye.

Mtu wa kwanza kuitumia ipasavyo ni Bi Mkubwa. Alibonyeza kitufe akaanza: mwanangu hujambo, umeamkaje, mkeo hajambo, watoto je, na ule mgongo? Hajafika kwenye kuku wa shamba, ripita ikakata. Baba Watoto alikuwa ameipangia dakika 3, ili kitufe kikikwama mashine isiungue. "Haina adabu hii," akasema Bi Mkubwa. Akauliza pia kwa nini isifike Tanga. Akaambiwa kanuni za GMRS haziruhusu kuiunganisha na mtandao wa simu. Zinataka pia herufi na namba za kituo zitajwe kila dakika 15 na mwisho wa mazungumzo, tena kwa Kiingereza. Mengine semeni kwa lugha yenu. Bi Mkubwa akazikariri, na hadi leo anazitamka kwa lafudhi ya Tanga.

Tarehe 8 Julai 2024 kimbunga Beryl kikapita. Houston na vitongoji vyake, wateja zaidi ya milioni 2 wakabaki gizani. Ripita ikafanya kazi kwa betri yake, na Bi Mkubwa, aliyekuwa amerudi tena, ndiye aliyekuwa akiita majina asubuhi na jioni: shemeji, wifi, wajukuu. Mtoto wa mdogo wake naye akaitwa. Niliinamia vyombo vyangu nikajifanya sijasikia.

Ukitaka ya kwako, lipa hizo dola 35 na usibane fedha kwenye kebo na dupleksa. Lakini kwanza kabisa soma ile karatasi uliyosaini siku uliyonunua nyumba.