Jumapili ya Wajerumani

Mtanzania akihamia Ujerumani hupewa wiki mbili ajiandikishe kwenye ofisi ya mji. Kuhusu Jumapili, hakuna anayemwonya. Chumvi imeisha, maduka karibu yote yamefungwa, na kwa jirani hodi haipigwi bila miadi. Basi apachike picha ukutani? Kutoboa ukuta ni mwiko. Akatupe chupa kwenye pipa la vioo? Mwiko pia, maana zitalia. Kwetu Kariakoo kipaza sauti cha muuza dawa ya kunguni huwazidi waimbaji wa kwaya, na bado twajiita kisiwa cha amani! Ndugu msomaji, ukipata viza, anza mazoezi leo: zima redio.