Namna ya Kuivika Kofia Lenzi ya Babu

Kwanza uwe na babu. Si lazima awe wako. Muhimu ni awe aliwahi kumiliki kamera, akaifungia kabatini, kisha akaenda zake bila kumwambia mtu kofia ya lenzi, ile ya kuikinga na jua, aliiweka wapi. Mimi ndivyo nilivyorithi Helios 44-2, lenzi ya Kisovieti nzito kama jiwe la kusagia, kichwa wazi. Kofia ya lenzi hupotea mapema kuliko kifuniko cha kalamu ya mwanafunzi.

Sasa, anayeishi Elgon View hawezi kujifanya haihitaji. Mtaa umepewa jina la mlima, na mlima uko kaskazini-magharibi. Jioni, mwanga unapoanza kupendeza, ukiuelekea mlima unalielekea na jua, hasa mwezi wa Juni. Hapa Eldoret tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na jua halibishi hodi. Lenzi za siku hizi zimepakwa tabaka kadhaa za utando unaozuia mwanga kurukaruka baina ya vioo. Pentax waliuza lenzi zao za Takumar za namna hiyo kuanzia 1971. Ya babu haina anasa hiyo. Mwanga ukiingia kwa ubavu, Mlima Elgon na mita zake 4,321 zote unageuka maziwa yaliyotiwa maji.

Basi soma maandishi yaliyo kwenye pete ya mbele: 2/58. Nenda kanunue kofia ya milimita 58. Lipa, usiombe kupunguziwa. Rudi nyumbani, ijaribu, itazame ikianguka. Hapo utakuwa umejifunza kwamba 58 ni urefu wa fokasi, na kwamba hesi za mbele za lenzi hiyo ni milimita 49. Ningeweza kukuambia mapema, lakini mimi sikuambiwa.

Baada ya hapo atatokea jirani mwenye ujuzi. Kila mtaa wenye kuta ndefu unaye. Atakushauri uagize kofia halisi, ya chuma, yenye jina la kiwanda. Utaikuta bei yake imeipita ya lenzi yenyewe, na kwa wakusanyaji wa vitu vya kale huo ndio ushahidi kwamba ni halisi. Piga hesabu kwa magunia ya mahindi ya kilo 90, kama tunavyopiga hesabu ya kila kitu Uasin Gishu, kisha ifunge simu taratibu.

Nenda mjini kwa mafundi. Kofia ya kukinga jua kali utaitafuta wapi kama si Jua Kali? Wangu aliigeuza lenzi mara mbili mkononi akauliza, "Boss, hii ni ya gari gani?" Nilipomweleza alikata kipande cha tyubu ya pikipiki, akakivuta kikakaa. Dakika moja. Ni nyeusi, inakunjika, na ukiiangusha haipondeki. Ila ioshe kwanza, maana ndani huwa na poda nyeupe, na kofia yenye weupe ndani ni kioo cha pili cha kukuchoma. Ndani panatakiwa pawe peusi pasipong'aa, kama ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Wazo la kuisugulia mkaa wa senetwet, mti ule ule wa kusugulia kibuyu, nilikuwa nalo pia. Kogo, nyanya yangu, aliposikia kibuyu chake kinatajwa na kamera katika sentensi moja, wazo likafa. Na lilistahili: mkaa ungemwagikia kioo.

Urefu nao una hila. Kofia fupi haisaidii, ndefu inaingia kwenye picha na kukutilia giza pembeni, na iliyoitosha lenzi ya 58 itaila pembe zote nne za lenzi pana ya 28. Funga tundu hadi 16, weka fokasi ya mbali kabisa, upige ukuta mweupe. Kuta tunazo. Usiamini unachokiona kwenye kitazamio cha kamera ya filamu, kwa kuwa nyingi hukuonyesha pungufu ya kinachonaswa. Kata tyubu kidogokidogo, upige tena. Wakati huo soja wa geti la pili atakuwa amekuja kuuliza mkubwa anapiga picha ukuta wa nani, na kwa nini mara sita.

Nilikuwa kwenye kukata kwa nne, nimeigeuzia lenzi mlimani kuijaribu, alipopita mtoto wa jirani. Akanitazama, akainua kiganja juu ya lenzi, kivuli kikaangukia kioo, na mlima ukarudi.

Kiganja kinatosha lenzi zote, hakina hesi wala hakiagizwi ng'ambo. Angalia tu kisiingie. Picha yangu bora ya Mlima Elgon ina kidole gumba upande wa kulia.