Tairi Linakula Upande: Shangazi wa Matairi Anajibu

*Shikamoo Shangazi. Nina Toyota IST. Mwezi wa pili nilifunga matairi mawili mapya mbele. Sasa ni mwezi wa kumi, nyaya zimechomoza kwa ndani, wakati kwa nje meno yote yapo. Fundi anasema ni matairi ya Kichina. Jirani anasema ni barabara ya mtaa wetu. Mke wangu anasema ni mimi. Gari lenyewe halivuti kushoto wala kulia. Ninunue matairi ya nchi gani nipumzike? — Mnyonge wa Tabata*

Marahaba, mwanangu. Kati ya hao watatu, mkeo ndiye aliyekaribia ukweli, maana miezi minane yote hukuwahi kukata usukani, ukachuchumaa, ukalitazama tairi kwa ndani. Lakini tuanze na Mchina, ndiye anayesingiziwa kuliko wote. Tairi hafifu huisha mapema, hilo silipingi. Ila tairi likiwa hafifu ni hafifu lote. Mpira wa bega la ndani na wa bega la nje ulipikwa chungu kimoja. Ubora huamua tairi litaisha lini, hauamui litaisha wapi. Barabara nayo ni hivyo hivyo: kokoto za mtaani kwenu zinasaga upana wote wa tairi, hazichagui sentimita tano za ndani. Na kama kosa lingekuwa la barabara peke yake, magari yote ya mtaa huo yangekuwa na matairi yaliyoliwa kama yako. Kachungulie ya jirani yako kabla hajaenda kazini. Ukikuta yake yameisha sawasawa, amejijibu mwenyewe.

Kwa hiyo swali si nchi gani. Swali ni kitu gani kinachoweza kumega ukingo mmoja na kuuacha wa pili, na hicho ni pembe ya gurudumu. Simama wima utazame nyayo zako. Ukizigeuza vidole vikatazamana, hivyo ndivyo magurudumu yanavyokuwa yakifunga kwa mbele. Ukizitawanya kama bata, ndivyo yanavyokuwa yakifunguka. Yakifunga kupita kiasi, mabega ya nje huliwa. Yakifunguka, huliwa ya ndani, kama yako. Gurudumu lililofunguka haliviringiki tu, linaburutwa kiubavu huku likiviringika. Robo ya digrii, ambayo jicho halitaiona kamwe, ni sawa na kulivuta tairi kiubavu mita 4 na ushee kwa kila kilomita. Piga hesabu ya Dar es Salaam hadi Morogoro, kilomita kama 190: unafika tairi likiwa limesuguliwa ubavu zaidi ya mita 800, na hujashuka hata kununua mishikaki.

Utaniambia: Shangazi, mbona gari halivuti popote? Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Wavuta kamba wawili wakilingana nguvu, kamba haisogei, viganja ndivyo vinavyochubuka. Magurudumu yako mawili yamefunguka kwa kiasi kimoja, kila moja linavuta kwake, gari linakwenda mbele kama mstari wa rula na matairi yanalipa gharama. Kutokuvuta hakukuondolei tuhuma. Kwa tairi zilizoliwa mbele zote mbili upande ule ule, kunaizidisha. Na yule ambaye gari lake linavuta kushoto kidogo tu asikimbilie gereji leo. Barabara zetu nyingi zimejengwa na mgongo katikati ili maji yateremke, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari huteleza kidogo kuelekea mtaroni. Kama linavuta hata kwenye barabara bapa, badilisha matairi ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia lije kushoto, mradi si yale yenye mshale wa kuonyesha yanakozunguka. Mvuto ukihamia upande wa pili, kasoro imo ndani ya tairi. Ukibaki palepale, tafuta kwenye alaimenti au kwenye breki inayong'ang'ania.

Mtu makini anaweza kunipinga kwamba bega la ndani huliwa pia gurudumu likiwa limelala, juu limeegemea ndani ya gari. Ni kweli, na hapo kiganja kitatusaidia kuliko macho. Pitisha mkono juu ya meno ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha rudi, ukiangalia usijichome kwenye zile nyaya. Ukisikia laini kwenda na makali kurudi, au kinyume chake, kama unampapasa samaki dhidi ya magamba, gurudumu limefunguka au limefunga. Kama bega limeliwa laini pande zote mbili za safari ya mkono, gurudumu limelala. Na wewe uliyeweka spesa ili gari lipande juu liyakwepe matuta, jua kwamba ulipolinyanyua ulizigeuza na pembe hizo zote. Aliyekufungia spesa bila kukutuma alaimenti alifanya nusu ya kazi akachukua pesa nzima.

Sasa usikurupuke. Pingamizi ninalolisikia sana ni la mtu aliyekwisha fanya alaimenti, kompyuta ikaonyesha kijani kila mahali, na miezi mitatu baadaye tairi likaanza kula tena. Anahitimisha kuwa alaimenti ni utapeli. Lakini mashine hupima gari likiwa limesimama, limetulia. Ikiwa bushi za mikono ya chini zimechoka au tairodi ina mchezo, pembe iliyopimwa pale ndani inahama mara tu gari linapokanyaga breki au kuingia shimoni. Mashine haikudanganya, ilipima kitu kisichokaa mahali pake. Ndiyo maana utaratibu hauna njia ya mkato: kwanza upepo uwe sawa, kisha gari lipigwe jeki, gurudumu lishikwe kushoto na kulia litikiswe, halafu juu na chini. Likicheza kushoto na kulia, mshuku tairodi; likicheza juu na chini, mshuku boljointi au beringi. Bushi hukaguliwa kwa tochi na mtaimbo. Kilichochoka kibadilishwe, matairi mapya yafungwe, na alaimenti ifanyike siku hiyo hiyo. Dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Kwenye IST ya kawaida ekseli ya nyuma haina mahali pa kurekebishia pembe hizo, kwa hiyo ukitozwa pesa ya "kuweka sawa nyuma", uliza kwa adabu ni bolti ipi iliyozungushwa.

Jirani yako atasema haya yote ni bure, mashimo yataharibu tena kesho. Mashimo yanaharibu, sikatai. Lakini hoja hiyo inamtaka mtu akague mara nyingi zaidi, haimruhusu aache. Alaimenti moja haifiki bei ya tairi moja, na wewe umetupa mawili.

*Shikamoo Shangazi. Matairi ya Noah yangu yameisha katikati kama njia ya ng'ombe, pembeni mazima. Kijana wa pancha hunijazia 44 kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye tairi. Alaimenti nimefanya mara mbili. — Mama wa Kimara*

Marahaba, mwanangu. Pesa ya alaimenti mbili umeitoa sadaka. Katikati hakuliwi na pembe, kunaliwa na upepo mwingi: tairi limevimba, linatembea kwa kitovu. Upepo ukiwa haba ndipo mabega yote mawili huliwa na katikati kukabaki. Ile 44 ya ubavuni ni mwisho wa uwezo wa tairi, si posho yake ya kila siku. Posho imeandikwa kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Gari likiwa limetoka Japani utakuta maandishi usiyoyasoma, lakini tarakimu hazina lugha: 220 kPa, au 2.2 pembeni yake, ni kama 32 kwenye kipimo cha kijana wako. Wapo wanaosema upepo mwingi unapunguza mafuta. Unapunguza kidogo, ila sehemu ya tairi inayogusa lami inapungua pia, na siku ya mvua utaihitaji hiyo sehemu yote.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni dereva wa teksi. Tairi za nyuma zina mabonde mabonde na gari linanguruma kama ndege. Nimefanya balansi mara tatu. — Kiziwi wa Mbagala*

Marahaba. Balansi hutibu mtetemo unaokuja kwenye mwendo fulani, mara nyingi ukikaribia 80 au 100, kisha ukapungua ukiuvuka. Mabonde yanayopishana kuzunguka tairi ni nyayo za gurudumu linalorukaruka kwa sababu shokapu haliwezi tena kulituliza. Kandamiza kona ya gari kwa nguvu kisha uachie. Likiendelea kubembea, umepata mgonjwa wako, ingawa shokapu bovu lingine hulificha hilo, kwa hiyo tazama pia kama limevuja mafuta. Ukishabadilisha, usirudi kumtukana fundi kwamba ngurumo bado ipo: mabonde hayajifukii, tairi hilo litanguruma hadi litolewe. Ila kama sauti inabadilika unapokata kona, ikawa kubwa upande mmoja na ndogo upande mwingine, ni beringi, na hiyo haisubiri mwisho wa mwezi.

Ninyi mtakaoandika juma lijalo, bei na nchi ya tairi mniachie. Niandikieni ni tairi lipi, limeliwa bega lipi, kiganja kimesikia nini, na upepo ulikuwa ngapi asubuhi gari likiwa limepoa. Ambaye hajachuchumaa hajibiwi.