Mkutano wa Mafuta Kakoba

Pikipiki ikivuja mafuta Kakoba, mjini Mbarara, mkutano unakaa kabla fundi hajashika spana. Mwenyekiti ni yeyote aliyewahi kumiliki pikipiki, hata kama iliibwa wiki ya kwanza. Katibu ni mama wa chapati, maana yeye ndiye anayekumbuka ya nani ilitengenezwa lini na nani aliondoka bila kulipa. Mwenye pikipiki hana kura.

Yangu ni Boxer, ile ya Bajaj kutoka India iliyojaa kwenye kila steji ya Mbarara. Silinda moja, inapozwa na upepo, na injini yake inakunywa oili karibu lita 1 tu. Wapo watakaokwambia matone mawili matatu si neno. Hao hawajawahi kumbeba mchungaji aliyevaa suruali ya rangi ya maziwa. Mimi nilimbeba, kutoka Base Camp huko Nakivale, tukala vumbi mpaka tukatokea kwenye lami ya barabara ya Kikagati. Aliposhuka mjini, mguu mmoja wa suruali ulikuwa na madoa kuanzia goti hadi kiatu. Akanitazama kwa upole wa watu wa Mungu.

“Ndugu,” akasema, “hii moto yako inabatiza.”

Kambi ya Nakivale ina zaidi ya miaka 60. Imepokea Wanyarwanda, Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine, na mafundi hodari wamo humo humo. Ila spea za uhakika tunazifuata Mbarara, na ndiyo sababu aibu yangu niliipeleka Kakoba badala ya kuificha nyumbani.

Mkutano ukafunguliwa. Dereva mmoja wa steji akainama, akapitisha kidole chini ya injini, akakinusa, akatangaza kwamba ni nati ya kumwagia oili, washa yake imekwisha. Mzee mmoja aliyestaafu jeshini, aliyeishi miaka mingi kambi ya Makenke na bado anaongea kama yuko gwaride, akapinga: ni sili ya shafti ya gia. “Badilisha sili zote,” akaamuru. “Usiache adui nyuma.” Wa tatu akasema ringi zimekufa, injini haina maisha, heri niiuze mapema. Mnunuzi alikuwa naye tayari: shemeji yake.

Wote walikuwa wakionyesha chini, kwa sababu chini ndiko kulikolowa. Lakini oili ina tabia ya kusingizia. Inatokea juu, inateremka taratibu kwenye mapezi ya silinda, upepo wa safari unaisukuma nyuma, halafu inaning'inia kwenye nati ambayo haijamkosea mtu.

Kijana fundi akachagua kava ya klachi. Hakuiosha injini, alisema macho yake yanatosha. Hata hivyo sitamdharau, kwa sababu yaliyofuata yalikuwa ya ustadi. Boliti za kava hiyo hazilingani, kuna ndefu na kuna fupi, kwa hiyo aliokota katoni nene ya sabuni, akachora umbo la kava, na kila boliti aliyoifungua kwa spana ya 8 akaichomeka kwenye katoni mahali pake. Gasketi ya zamani ilikuwa imeshikana na chuma. Akaikwangua kwa wembe, polepole, kwa sababu ukitumia bisibisi unachimba mfereji kwenye aluminiamu na mafuta yanakushukuru.

Gasketi ya dukani ya modeli yangu ilikuwa imekwisha. Akachukua boksi jembamba la biskuti, akalilaza juu ya kava, akaanza kugonga kingo kwa nyundo, tok, tok, tok, mpaka karatasi ikakatika yenyewe kwa kufuata ukingo wa chuma. Matundu ya boliti aliyatoboa kwa gololi ya beringi: unaiweka juu ya tundu, unaigonga mara moja, karatasi inatoka na duara safi. Hata yule mstaafu alinyamaza.

Sasa, ile katoni ya sabuni ilikuwa na mwenyewe. Mama wa chapati ndiye aliyeiweka pale tangu asubuhi, ni kipepeo chake. Jiko liliposinzia, akanyoosha mkono bila hata kugeuka, akaichukua mali yake, akapepea.

Boliti ya kwanza ilitua kwenye unga. Nyingine zikaruka huku na huku, moja ikamgonga mteja aliyekuwa akisubiri roleksi yake, ile chapati ya mayai, na kile kibomba kifupi kinachoelekeza kava ikae sawa tulikipata baadaye kikiwa gurudumu la gari la waya la mtoto. Mtoto alikataa kukirudisha. Tulinunua amani kwa chapati.

“Mama, umeharibu ramani!” kijana akalia.

“Ramani gani? Hiyo katoni ni yangu.”

Mkutano ukapiga kura, mama akashinda.

Boliti zikarudishwa kwa kukisia. Kijana akapaka gundi ya silikoni kila mahali kama bima, akakaza, nikazunguka mtaa hadi Nyamityobora na kurudi. Niliposimama, tone lilikuwa limeshafika chini kunisubiri.

Ndipo akaja mzee fundi wa banda la pili, ambaye muda wote alikuwa akifunga mnyororo wa mtu na kucheka kimya kimya. Hakuwauliza wajumbe. Aliiosha injini kwa petroli na brashi mpaka ikang'aa, akaifuta, akaniambia, “Papa, kalete poda ya mtoto.” Muuza duka akaniuliza mtoto ana miezi mingapi. Nikamwambia ana umri wa miaka saba na anatumia gia.

Mzee akainyunyizia injini poda yote, ikawa nyeupe kama maiti ya Kihindi kwenye sinema, akaiwasha. Tukachuchumaa wote. Baada ya muda mistari miwili myeusi ikajichora: mmoja kwenye kava ya klachi, mwingine juu kabisa, kwenye kava ya tapeti ambayo hakuna aliyeitaja. Nati ya kumwagia ilikuwa kavu. Sili ya gia ilikuwa kavu.

“Pande mbili kwa pamoja,” mzee akasema. “Hii injini inapumulia wapi?”

Pistoni ikishuka inasukuma hewa iliyo chini yake, na moshi kidogo unapenya kando ya ringi hata injini ikiwa nzima. Hewa hiyo inatoka kwa mpira mmoja unaokwenda kwenye boksi la filta. Wangu ulikuwa umekunjwa na kubanwa chini ya tangi, pale ninapopitishia kamba ya kufungia majerikani. Hewa ikakosa mlango, ikasukuma oili kwenye gasketi iliyo dhaifu.

Mzee akakata mpira mpya. Kisha akazifungua boliti za klachi, akazichomeka zote kwa vidole kabla ya kukaza hata moja: vichwa vikisimama kimo kimoja, kila moja iko kwake. Ndefu moja ilikuwa kwenye tundu fupi, imegota chini, imekaza hewa. Akazipanga upya, akakaza kwa kukingamisha, kidogo kidogo. Gundi yote iliyozidi aliifuta, akisema inayoonekana nje ni nusu tu, nusu nyingine iko ndani inatafuta chujio la oili ikalizibe.

Tukazunguka tena. Kavu. Yule wa nati akasema ndivyo alivyokuwa akimaanisha. Mstaafu akasimama wima: “Nilisema adui yuko nyuma.” Shemeji wa yule wa tatu alipiga simu kuuliza kama bado nauza.

Mpira ulinigharimu bei ya chapati mbili. Gasketi ya boksi la biskuti iko mle ndani hadi leo, haitoi hata jasho, na mchungaji amekubali kupanda tena, ila siku hizi anavaa suruali nyeusi.